Kisu kilichogoma kutoka alani

Jumamosi iliyopita niliketi barazani kwangu Pasua, hapa Moshi, nikiwa na beseni la maji niliyoyakoroga chumvi. Mbele yangu nilipanga vitu vitatu: kipande cha kamba ya katani nilichonunua soko la Mbuyuni, kipande cha kamba ya nailoni ya kijani ambayo watu hufungia mbuzi, na fungu la mshipi wa kuvulia samaki nililotoka nalo Tanga mwaka jana. Pembeni nilikuwa na visu viwili, mkasi mmoja, na kidude cha plastiki chenye wembe ndani ambacho nitakieleza baadaye. Nililoweka kila kitu, kisha nikaanza kukata, kwanza kwa mkono wa kulia, halafu kwa mkono wa kushoto, na mwisho nikiwa nimefumba macho. Jirani yangu aliyekuwa akipita na ndoo yake alisimama, akatazama kwa muda, akaniuliza, "Sista, hivyo vyote ni kwa ajili ya papa?"

Swali hilo huulizwa na karibu kila mtu anayepata kujua kwamba mimi, muuguzi ninayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, mbali na bahari kwa mwendo wa saa nyingi ndani ya basi, huzamia kwa mtungi wa hewa kila ninapopata likizo. Jibu langu ni lile lile: hapana, kisu cha mzamiaji si silaha. Sijawahi kukitazama kama silaha, na ninaamini kwamba anayekibeba kwa fikra hiyo atakichagua vibaya, atakifunga mahali pabaya, na siku atakapokihitaji hakitamfaa. Mzamiaji hubeba kitu cha kukatia kwa sababu ya uzi.

Mshipi wa nailoni hauozi kama katani. Ndoana inaponasa kwenye matumbawe, mvuvi aliye juu hana la kufanya ila kuukata, na kile kilichobaki huendelea kuning'inia chini kwa miaka mingi, chembamba, kisicho na rangi, kikiyumba na mkondo. Mzamiaji naye amejaa vitu vya kunasia: valvu ya mtungi iliyo nyuma ya kisogo, mabomba ya hewa, bizimu za mapezi, kipima-hewa kinachoning'inia ubavuni. Vingi kati ya hivyo viko nyuma yake, mahali asipoweza kupaona. Pwani ya Tanga inazo pia nyavu za jarife, zile ambazo hutegwa kwenye maji ya kina kirefu na ambazo ndani yake wavuvi waliwanasa silikanti, wale samaki wa kale wa kina kirefu, katika miaka ya 2000, hadi ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Jarife likikatika na kupotea, linaendelea kuvua bila mwenyewe.

Nilifundishwa haya yote tangu mafunzo yangu ya kwanza, nikayaandika vizuri kwenye daftari, na hata hivyo nilifanya kosa ambalo ndilo chanzo cha makala haya.

Kisu changu cha kwanza kilikuwa kirefu, chenye ncha kali, makali laini upande mmoja na meno ya msumeno upande wa pili. Nilikifunga kwenye shavu la mguu wa kulia, upande wa nje, kwa mikanda miwili ya mpira, kama nilivyokuwa nimeona kwenye picha nyingi za wazamiaji wa zamani. Mtindo huo una historia yake. Wazamiaji wa kofia nzito za shaba walibeba visu vikubwa vyenye ala za shaba kwa sababu kazi yao ilikuwa kukata kamba za meli na kubandua vitu, na hata baada ya Jacques Cousteau na Émile Gagnan kutengeneza kifaa chao cha kupumulia chini ya maji mwaka 1943, mzamiaji aliyeogelea huru aliendelea kubeba kisu cha ukubwa ule ule, safari hii mguuni. Nilikipenda kisu kile. Baada ya safari moja ya Tanga nilikisuuza harakaharaka kikiwa ndani ya ala yake, nikakitia kwenye begi pamoja na vitu vingine, na begi likakaa chini ya kitanda kwa muda wa miezi saba.

Safari iliyofuata tulikuwa kwenye kina cha mita 14, ukingoni mwa mwamba. Tulikuwa wawili wawili. Mwenza wangu alikuwa kijana tunayefanya naye kazi, ambaye siku zote huniita dada. Nilikuwa nimeinama kumtazama samaki mdogo aliyejificha kwenye tundu, na nilipotaka kuendelea mbele nikahisi kuvutwa kutoka nyuma, si kwa nguvu, bali kama mtu anayekushika upindo wa nguo ili akwambie jambo. Nikageuka nione ni nini, na hilo ndilo lilikuwa kosa la pili, kwa sababu kugeuka kulizungusha mshipi kwenye valvu ya mtungi na kuuvuta ukapita begani. Nikainama kufikia kisu mguuni. Kadiri nilivyoinama ndivyo mshipi ulivyokaza, na vidole vyangu vikawa vinaishia gotini. Nilipoukunja mguu na hatimaye kukishika kisu mpini, nikavuta, nacho hakikutoka. Nikavuta tena kwa nguvu zote. Ala yote ilizunguka mguuni pamoja na mikanda yake, na kisu kikabaki ndani kama kimeunganishwa kwa moto.

Ninakumbuka sauti ya mapovu yangu ilivyobadilika. Kazini ninawafahamu wagonjwa wanaopumua hivyo, kwa haraka na kwa kina kifupi, na huwa ninawaambia watoe pumzi polepole kwanza kabla ya kuvuta nyingine. Nilijiambia vivyo hivyo. Nikaacha kusogea, nikapiga mtungi kwa pete ya kidole, na mwenzangu akaja. Hakuwa na kisu hata kimoja. Alikuwa na mkasi, ule ule tunaoutumia wodini kukatia suruali za majeruhi wa bodaboda, aliokuwa ameununua dukani na kuushonea kifuko kwenye mkanda wa jaketi lake la kuelea. Akauonesha mbele ya uso wangu ili nielewe anachotaka kufanya, akaniwekea mkono begani, akakata mara tatu. Kipima-hewa changu, kinachopima shinikizo la hewa ya mtungi kwa baa, kilikuwa kimeshuka kutoka baa 110 hadi 80 katika muda ambao nisingeuita mrefu.

Jioni ile tulipasha moto ala kwa maji ya chai, tukakigonga kisu, kikatoka. Chuma kilichoandikwa kwamba hakishiki kutu kilikuwa na mashimo madogo meusi karibu na mpini, na unga wa kahawia ulikuwa umejaa ndani ya ala.

Nilitaka kuelewa kwa nini, nami ninadhani kila mwenye kisu cha namna hii anapaswa kuelewa. Chuma kisichoshika kutu hupata kinga yake kutokana na kromiamu iliyochanganywa ndani yake, ambayo ikikutana na oksijeni hufanya utando mwembamba mno juu ya chuma. Utando huo ukichubuka hujirudishia wenyewe, mradi oksijeni ipo. Ala ya plastiki iliyobana, iliyobakiwa na maji ya chumvi ndani, huinyima sehemu ile oksijeni. Utando haujirudishi, chumvi inaendelea kula, na kutu huanzia mahali pasipoonekana, huku sehemu inayoonekana iking'aa kama mpya. Kwa maneno mengine, mahali salama nilipokihifadhi kisu ndipo kilipoharibikia. Laiti ningekiacha wazi juu ya kabati, pengine kingetoka na madoa machache tu.

Aina za chuma nazo zinatofautiana kuliko wauzaji wanavyosema. Chuma kinachoitwa 420 kina kromiamu ya takriban asilimia 13, hukubali kufanywa kigumu na hushika makali vizuri, lakini baharini hupata kutu upesi. Kile cha 304, chenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na kile cha 316, kilichoongezwa molibdenamu, huvumilia chumvi zaidi ila ni laini, na makali yake huisha haraka. Titaniamu haishiki kutu kabisa, ni nyepesi, na bei yake ni ya kufikiria mara mbili. Kwa kawaida makali yake hayadumu kama ya chuma kigumu, kwa hiyo nayo huhitaji kunolewa. Hakuna inayoshinda kwa kila jambo. Mimi ningechukua chuma cha kati na kukitunza, kuliko kununua titaniamu nikidhani kwamba nimeondokana na kazi ya kutunza. Niliwahi hata kuwaza kuagiza kisu kwa mafundi wa kufua vyuma wa Mamba, huku mlimani Kilimanjaro, ambao mababu zao waliwafulia Wamaasai mikuki, na ambao ninaiheshimu sana kazi yao. Lakini chuma cha springi ya gari, ambacho kinafaa kabisa kwa panga la mgombani, kingeliwa na bahari katika safari moja.

Sasa nirudi barazani, kwa sababu ni pale nilipojifunza mengi kuliko nilivyojifunza kwenye maelezo ya dukani. Kamba ya katani iliyolowa ilikatwa vizuri na meno ya msumeno. Makali laini yaliteleza juu ya nyuzi zake, yakakata chache, yakaacha nyingine. Mshipi ulikuwa kinyume chake: meno ya msumeno yaliudaka, yakauvuta, yakauachia, ilhali makali laini yalipita mara moja tu. Hii ndiyo sababu kisu kizuri cha mzamiaji huwa na makali ya namna mbili, pamoja na kile kidato kilichopinda kama ndoana ambacho hushika uzi usitoroke.

Lakini jambo nililoliona wazi zaidi ni hili: kisu hukata kitu kilichokazwa. Ukishika mshipi kwa mikono miwili na kuukaza, kisu chochote chenye makali kitaukata. Mshipi uliolegea ndani ya beseni ulikikimbia kisu kila nilipousogelea, na nikakumbuka kwamba chini ya maji mkono wangu mmoja haukuwa na nafasi ya kukaza chochote. Mkasi hauhitaji hilo. Unauingiza uzi katikati ya vipande viwili, unabana, umekwisha, na kazi yote ni ya mkono mmoja. Mkasi wa majeruhi una kipande cha chini chenye ncha bapa iliyopinda, kilichotengenezwa ili kiteleze juu ya ngozi bila kuijeruhi, na ncha hiyo hiyo huteleza juu ya jaketi la kuelea na bomba la hewa bila kuvitoboa. Mingine ina meno madogo sana kwenye upande mmoja, yanayozuia uzi mtelezi usichomoke. Unakata pia waya mwembamba, ule ambao wavuvi wa nguru huufunga karibu na ndoana ili samaki asiukate kwa meno. Udhaifu wake ni ribiti ya katikati, ambayo hushika kutu mapema. Tone la mafuta ya silikoni baada ya kila safari hulimaliza tatizo hilo, na ukiharibika, bei yake si ya kulilia.

Kile kidude cha plastiki kina wembe uliofichwa ndani ya mfereji mwembamba, mfano wa vile vya kukatia mkanda wa gari baada ya ajali. Unautia uzi ndani ya mfereji, unavuta, unakatika. Hakiwezi kukuchoma, hakiwezi kumchoma mwenzako aliyeshikwa na hofu, na kinaenea kwenye kamba ya saa ya mkononi. Katani nene haiingii kwenye mfereji wake, na wembe ule ni mwepesi kushika kutu, kwa hiyo ni lazima ubadilishwe mara kwa mara. Wangu, nilipoufungua Jumamosi, ulikuwa umeanza kuwa na madoa baada ya safari mbili tu.

Basi ninachobeba sasa ni vitu viwili, na wakati mwingine vitatu, vyote vidogo. Mkasi unakaa kwenye mkanda wa kiunoni, upande wa kushoto wa bizimu. Kisu kifupi chenye ncha bapa, ambacho bapa lake halizidi urefu wa kidole changu cha kati, kinakaa kifuani upande wa kulia. Kidude cha wembe kinakaa mkononi, juu ya kipima-kina. Mpangilio huu una sharti moja ninalolishikilia: kila kimoja ni lazima nikifikie kwa mkono wowote, bila kuinama na bila kutazama. Mguuni sifungi kitu tena. Nikilazimika kufunga, nitafunga upande wa ndani wa mguu, kwa kuwa kisu kilicho upande wa nje chenyewe ni mahali pa kunasia. Mipini yangu yote ni ya njano, kwa sababu rangi nyekundu hufifia mapema mtu anaposhuka, na kwenye mita 14 kitu chekundu kilichoanguka mchangani huonekana kama jiwe.

Tunapokuwa hapa Moshi hufanya mazoezi kwenye bwawa la kuogelea, mita mbili tu za maji, miwani ikiwa imefunikwa kwa kitambaa. Mwenzangu hunizungushia uzi wa pamba kwenye valvu bila kuniambia ni upande gani, nami hufuata utaratibu ule ule kila mara, mpaka mwili uujue wenyewe: ninasimama, ninatoa pumzi, ninajaribu kurudi nyuma hatua moja nilikotoka, kwa kuwa mara nyingi uzi hulegea kwa kurudi tu, sigeuki. Ninamwita mwenzangu, maana anaona mgongo wangu kuliko mimi. Kabla ya kukata chochote, ninaupapasa ule uzi kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, ili niwe na hakika kwamba si bomba langu la hewa. Ninakata kuelekea nje, mbali na mwili. Nikishakata, ninakirudisha kifaa alani kwanza, ndipo ninapoondoka, kwa sababu kisu kilicho wazi mkononi mwa mtu anayepanda juu kwa wasiwasi ni hatari kuliko mshipi.

Kuna jambo ambalo wazamiaji tunalisahau, nami nilikumbushwa na mzee mmoja wa Tanga aliyekuwa akishona wavu wake chini ya mkungu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauona mkasi wangu kiunoni. "Mwanangu," akasema, "hicho kiokoe uhai wako, kisikate riziki yangu." Nilimwelewa. Wavu uliotegwa leo na ulio na maboya yake juu ni mali ya mtu, sawa na shamba la mahindi, na mzamiaji hana haki ya kuukata kwa sababu tu amemwona samaki anayemhurumia ndani yake. Nimekulia wilayani Mwanga, karibu na Bwawa la Nyumba ya Mungu, na ninafahamu wavu mmoja unavyobeba ada ya shule ya watoto wangapi. Ninakata ninaponaswa mimi au mwenzangu, na ninakata uzi uliotelekezwa ambao ninaweza kuukunja na kuondoka nao. Wavu mkubwa ulioachwa, wenye uzito na uliojishikiza kwenye matumbawe, si kazi ya mtu mmoja mwenye mkasi. Hiyo ni kazi ya kundi lililofundishwa, lenye maputo ya kuinulia mzigo, na iliyojulishwa kwa wahusika wa hifadhi.

Zipo sehemu nyingine duniani, kama hifadhi ya Cozumel kule Mexico, ambako wazamiaji wa kawaida hawaruhusiwi kubeba visu kabisa, ili watu wasichokonoe matumbawe wala kuchoma viumbe. Ninauona msingi wa katazo hilo. Ninachomshauri anayesafiri ni kuuliza kwanza, na kutambua kwamba mkasi butu hueleweka mahali ambapo kisu chenye ncha hakieleweki. Kwa ndege, iwe ni ya kutoka KIA au ile ndogo ya kutoka Arusha kwenda Pemba au Mafia, vyote huingia kwenye mzigo unaokabidhiwa, vikiwa vimefungwa vizuri ili anayekagua begi asikatwe. Kwenye basi vinakaa ndani ya begi la vifaa kwenye buti, na si kiunoni mwangu nikiwa stendi.

Kurudi Moshi kuna sharti lake, kwa sababu mji wetu uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezamia kwa siku kadhaa mfululizo hashauriwi kupanda miinuko ya namna hiyo kabla ya saa 18 kupita, sawa na anayetaka kupanda ndege. Kwa hiyo siku yetu ya mwisho Tanga haina kuzamia. Zamani niliiona kama siku iliyopotea. Siku hizi tunaianza kwa kuomba ndoo mbili za maji baridi pale tunapolala, tunachomoa kila kisu kutoka alani, tunaviloweka kisu na ala mbali mbali, tunapiga mswaki wa zamani kwenye mashimo ya mpini, tunavianika kivulini. Ribiti za mikasi zinapata mafuta. Nyembe zinatolewa na kutazamwa kwenye mwanga.

Nikifika nyumbani sirudishi kisu alani. Kinaning'inia msumarini jikoni, ala yake kwenye msumari wa pili, na usiku wa kuamkia safari ndipo ninapovikutanisha, nikichomoa na kurudisha mara kumi kwa kila mkono, huku mwenzangu akiniuliza kwa simu, "Dada, kinatoka?"